Barua ya kufunga muhula: jina lililo kwenye rejista ya 1966

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Wilaya ya Kilolo,
Iringa.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MWANAFUNZI WETU WA ZAMANI

Kamwene. Natumaini hamjambo na baridi hii iliyoanza kung'ata.

Niyamalize kwanza ya kawaida. Shule inafungwa Ijumaa hii saa nne asubuhi, itafunguliwa Jumanne tarehe 8 Julai. Ripoti ya mtoto imeambatanishwa. Isome, tia sahihi, irudi. Darasa la Saba wana mtihani wa taifa Septemba, kwa hiyo wasigeuzwe wachunga ng'ombe likizo nzima. Mahindi ya uji: kaya nyingi zimeleta debe lao, ahsanteni sana, zilizobaki zinajijua, na mimi nazijua. Kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nakubali msimu ulikuwa mzuri, lakini mtoto wa Darasa la Tano akiwahi namba asubuhi huku ananukia, tatizo haliko kwenye mianzi.

Sasa jambo lililonifanya niandike barua ndefu.

Mwezi Machi, mvua ilipokuwa ikivuja ofisini, tulihamisha kabati la zamani na nyuma yake tukakuta rejista za uandikishaji tangu miaka ya 1960. Mwalimu wa Darasa la Sita aliziomba kwa somo la Historia. Watoto wakaanza kuwatafuta babu na bibi zao humo, wakacheka sana kuona nani aliacha shule mwaka gani (samahani kwa wale walioulizwa nyumbani). Katika ukurasa wa 1966 yumo mvulana aliyezaliwa 1958 na kumaliza Darasa la Saba 1972. Pembeni ya jina lake mtu ameongeza kwa wino mwekundu: Vita, 1979. Basi, hakuna kingine.

Jina lake silitaji hapa. Dada yake, ambaye bado yupo kijijini kwetu, ameomba lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya watoto kabla halijaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu. Nimemwahidi.

Watoto wetu wanaijua Lugalo. Wanajua kwamba Agosti 1891 Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikivizia kikosi cha Wajerumani akakimaliza pamoja na kamanda wake Zelewski, tena hapa hapa wilayani, na wanajua kuhusu fuvu lake lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda, ambavyo wajomba zao walikwenda, wengi hawavijui kabisa. Mtoto mmoja aliuliza kama uwanja wa ndege wa Nduli umepewa jina la Amin, kwa kuwa babu yake kila akimtaja Amin husema "nduli". Nilicheka, kisha nikaona aibu. Ilibidi nieleze kwamba nduli ni muuaji asiye na huruma, kwamba redio ilimwita Amin hivyo usiku na mchana, na kwamba Nduli yetu ni jina la mahali tu.

Tukamwalika dada mtu, ambaye sasa ni bibi. Mwaka 1978 alikuwa Darasa la Sita katika shule hii hii. Anakumbuka majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na Amin kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Anakumbuka pia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia. Wiki nzima walikuwa wakiirudia mstarini. Kaka yake alikuwa amepita JKT Mafinga kisha akaingia jeshini. Hakurudi kuaga. Habari zake za mwisho zilikuja kwa barua moja tu, na barua hiyo alikuja nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Nikiri kwamba nilikuwa nimewaandaa watoto kusikia mambo makubwa. Wavulana wa nyuma walikuwa wamekaa mkao wa sinema. Barua ile nzima haina neno vita. Anasema huko waliko ni ndizi asubuhi, ndizi jioni, na kwamba ameota ugali. Anauliza mianzi yake imegemwa na nani. Anamkumbusha baba yake kwamba kuna rafiki anamdai fedha ya tairi la baiskeli, alipwe, asije akadhani amekimbia deni. Anamwambia mdogo wake asiache shule. Mwisho.

Kimya. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Aliua wangapi?"

Nilitaka nimtoe nje. Bibi akanizuia kwa mkono, akamjibu kwamba hajui, hakuwahi kuambiwa, ila deni la tairi baba alilipa. Halafu akaeleza alichoelezwa yeye na mwenzake kaka yake aliyerudi: kwamba ilikuwa Machi 1979 karibu na Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, usiku, maji ya kinamasi kushoto na kulia, na walipambana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Huku kwetu watu waliingia barabarani kushangilia, na mama yake alishangilia pamoja nao, kwa sababu habari zilikuwa bado hazijafika.

Hapo hata mimi nilitazama dirishani.

Makaburi ya mashujaa wa vita ile yako Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kutoka hapa ni kuivuka nchi nzima. Bibi hajawahi kufika. Baada ya vita ilikuja ile miezi kumi na minane ya kufunga mkanda, ambayo kila mwenye umri wangu anajua haikuishia kumi na minane, na nauli ya kwenda Kagera ilikuwa ndoto.

Siku mbili baadaye mzazi mmoja alinipigia simu kulalamika. Mume wake ni askari, na mtoto alirudi nyumbani akauliza kama baba naye atarudi. Nilianza kujitetea kwa mtaala, nikaona hakuna utetezi. Ni kweli sikulifikiria hilo, na nilipaswa. Nimemwomba radhi yeye, nawaomba radhi na wengine wenye watu wao jeshini; tunakumbuka wote jinsi Desemba 2017 ilivyokuwa, miili ya vijana wetu ilipoletwa kutoka Semuliki, Kongo. Anayetaka mtoto wake asishiriki aniambie, hataulizwa swali wala kusemwa. Lakini somo lenyewe sitalifuta.

Likizo hii Darasa la Tano hadi la Saba wana kazi moja: kila mtoto amuulize mzee mmoja mwaka ule wa vita ulikuwaje kwake. Si lazima awe alikwenda vitani. Foleni ya sukari inatosha, sabuni ya mche iliyokatwa vipande inatosha. Mzee asiyetaka kusema asilazimishwe. Picha za zamani msiwape watoto wazilete, pigeni kwa simu.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tutakutana shuleni saa tatu. Kwenye kamati lilitolewa wazo la kujenga mnara wa saruji, kila kaya itoe shilingi 5,000. Bibi alikataa. Alisema kitu anachotaka ni herufi moja: katika rejista jina la ukoo wao limeandikwa kwa R, na wao ni L. Mwalimu aliyeandikisha mwaka ule alikuwa mgeni, akaandika alivyosikia. Kaka yake alilalamikia jambo hilo mpaka anamaliza shule.

Rejista ni kumbukumbu ya serikali, siwezi kuichorachora. Nitaandika jina sahihi pembeni, chini ya ule wino mwekundu, nitie sahihi na muhuri mbele yenu. Na kwenye ukuta wa Darasa la Sita jina litapakwa rangi. Hakuna mchango. Narudia kwa wanaosoma haraka: hakuna mchango. Rangi iliyobaki ya madirisha inatosha.

Njooni na sweta, na mwenye kiti cha plastiki aje nacho. Kazi ya kuandika ukutani amejitolea kuifanya mzazi wetu mmoja ambaye ni fundi rangi. Bibi amesema atasimama nyuma yake mpaka amalize.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu