Mgahawa wa pankeki: tuseme tulichokula

Ndugu Mhariri,

Tangu mgahawa wa pankeki ufunguliwe mtaani kwetu, habari ni hiyo hiyo. Dukani, kituoni, hata msibani, mtu akikuona anakuuliza kama umeshakwenda. Nawe umetupa nafasi ya kutosha katika kurasa zako, nashukuru. Nimesoma maoni yote ya majirani zangu, mengine mara mbili, na nimebaki na jambo ambalo nikilinyamazia sitakuwa nimeutendea haki mtaa huu, wala vijana wanaofanya kazi pale.

Karibu wote tumesema tulivyojisikia. Wachache mno tumesema tulichokula. Mmoja anasema pankeki za pale haziliki, mwingine anasema hajawahi kula kitu kitamu hivyo, wa tatu anatuonya tusipoteze pesa zetu. Haziliki kwa nini? Zilikuwa mbichi, zimeungua, zimezidi chumvi, zimepoa? Alikwenda asubuhi au alasiri? Alikula sahani nzima au alimega ya mwenzake? Mwenye mgahawa akiyasoma maneno hayo usiku baada ya kufunga jiko, atashika lipi? Ataumia moyo tu, na kesho ataamka apike vile vile.

Mimi nimekula pale mara nne. Naomba nieleze mara mbili za mwanzo.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, karibu na saa sita mchana, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nilikaa sana. Pankeki zilipokuja zilikuwa tatu, zimepangwa vizuri, juu zina rangi ya kahawia ya kupendeza, siagi imeanza kuyeyuka na kuteleza ubavuni. Nilipokata ya juu kwa uma, rojo lilichuruzika kutoka katikati, jeupe, zito, likatuama kwenye sahani. Ya pili vile vile. Nilimwita binti aliyekuwa akihudumia nikamwonyesha. Uso ulimbadilika, akaomba radhi, akazirudisha jikoni. Zilizoletwa badala yake zilikuwa zimeiva, lakini pembeni zimekaukiana.

Jumanne iliyofuata nikarudi saa mbili asubuhi, nikaagiza kitu kile kile. Kulikuwa na wateja watatu. Sahani iliyowekwa mbele yangu ungedhani imetoka jiko lingine: pankeki zimevimba, nyepesi, ukibonyeza kwa kidole zinarudi, ndani zimeiva sawasawa na zina vitundu vidogo kama sifongo. Nilikula zote.

Sasa, Mhariri, mtu aliyekwenda nami Jumamosi angeandika kwamba mgahawa haufai, na aliyekwenda nami Jumanne angeandika kwamba ndio mgahawa bora, na wote wawili wangekuwa wakweli. Mtu anayepika anajua kilichotokea hapo katikati. Pankeki inataka bamba lenye moto wa wastani usioyumba, kama nyuzi 190 za Selsiasi. Ukimwaga rojo la baridi la watu kumi kwa mpigo, bamba linapoa. Mpishi aliyezidiwa na foleni anaongeza moto ili awahi, moto unakimbilia nje, ndani panabaki pabichi. Kisha kuna rojo lenyewe. Beking pauda huanza kutoa gesi mara inapoloa, na nyingi ya zile za madukani hutoa tena zikipata joto. Rojo likikorogwa ndoo nzima alfajiri na kukaa hadi alasiri, ile gesi ya mwanzo imeshapotea, na mpishi akiliona limelala analikoroga tena kwa nguvu, jambo linaloivuta ngano na kuifanya pankeki iwe ngumu kama raba. Waliolalamika kwamba pankeki ni nzito na zinavutika, nina hakika wengi wao walikwenda mchana. Wangetaja saa tu, ugonjwa ungejulikana siku ile ile.

Nililithibitisha hilo kwa mwenye mgahawa mwenyewe. Alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa aproni, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nina neno, lakini usinielewe vibaya.”

Nikamweleza ya Jumamosi na ya Jumanne. Hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu: “Jumamosi ilikuwa saa ngapi, mama?” Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akasema ndipo anapoishiwa na rojo la asubuhi. Tangu siku hiyo nasikia wanakoroga kidogo kidogo, kila baada ya muda, na nilipokwenda mara ya tatu, Jumamosi tena, mchana tena, pankeki zilikuwa zimeiva. Zilichelewa, ndiyo. Nilisubiri mpaka nikasoma menyu yote mara tatu. Lakini ziliiva.

Hapo kwenye menyu ndipo nilipopata malalamiko yangu mwenyewe, na haya sitayalainisha.

Jirani mmoja aliandika kwamba shira ya pale ni ya uongo, wengine wakamshambulia kwamba anatafuta makosa. Hakutafuta. Menyu inasema pankeki zinaletwa na shira ya mepo. Shira ya kweli ya mepo inatokana na maji ya mti uitwao mepo, na inahitajika kama lita 40 za maji hayo yachemshwe mpaka yabaki lita moja. Sehemu kubwa ya shira ya mepo inayouzwa duniani inatoka jimbo moja tu la Kanada, Quebec. Kitu cha namna hiyo hakimiminwi bure kwenye kila sahani kama maji ya kunawa. Tunachopewa ni shira ya sukari iliyotiwa rangi na harufu. Hakuna aibu kupika shira ya sukari, nyumbani kwangu ndiyo hiyo hiyo. Lakini kuandika jina la kitu kisichokuwemo si sawa, hata kama wateja tisa kati ya kumi hawatajua.

Na inamiminwa nyingi mno. Inamiminwa jikoni, kabla sahani haijakufikia, hivyo huna la kuamua. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na likasema ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Vijiko vikubwa vinne vya shira vinakaribia gramu hizo 50, na sahani yangu ilikuwa inaogelea. Nina rafiki mwenye kisukari ambaye angependa sana kukaa nasi pale asubuhi, anywe chai yake, ale pankeki moja na kipande cha tunda. Amekwenda mara moja, akaletewa sahani imeshalowa, akaiacha. Dawa yake ni kijagi kidogo pembeni ya sahani, kila mtu ajimiminie.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, ambalo katika maoni yote uliyochapisha sikuliona hata mara moja.

Mjukuu wangu ana umri wa miaka sita na hali mayai. Si kwamba hapendi. Akila, midomo inamvimba, mwili unatoka madonge, na mara moja tulimkimbiza hospitali kifua kikiwa kinapiga mluzi. Mara ya nne nilikwenda naye, maana alikuwa amesikia habari za mgahawa huo shuleni na hakunipa raha. Nikamuuliza mhudumu, si yule binti wa kwanza, kama kuna pankeki isiyo na mayai. Akafikiri, akanijibu kwa upole kabisa, kwamba hayawekwi mengi.

Hayawekwi mengi! Kwa mtoto huyu hakuna machache. Yule mhudumu hakuwa na nia mbaya, alitaka kunisaidia. Hakuna aliyemfundisha, na menyu haina hata mstari mmoja unaotaja kilichomo. Pankeki ina ngano, ina maziwa, ina mayai, vitu vitatu vilivyo miongoni mwa vinavyowadhuru zaidi watu wenye mzio. Na haitoshi kuacha yai kwenye rojo ikiwa bamba ni lile lile na mwiko wa kugeuzia ni ule ule uliotoka kwenye rojo la mayai. Mjukuu wangu alikunywa maziwa akatazama sahani za wenzake. Hakulia. Alikuwa anahesabu, kwa sauti ndogo, pankeki ngapi zinapita kwenda meza nyingine.

Tumebishana wiki nzima kama pankeki ni chakula chetu au cha wageni, na hilo halijatufikisha popote. Wagiriki wa kale walizitaja katika maandishi yao karne ya 5 kabla ya Kristo, Warusi wana blini, Wafaransa wana krepu, Wahindi wana dosa, na kila mwenye unga, maji na chuma cha moto amewahi kupika kitu cha jamii hiyo. Muda tulioutumia hapo tungeuliza kuhusu mayai.

Kuhusu wale walioandika bila kukanyaga pale, kwa kuona picha tu, sina neno. Lakini naomba wasichanganywe nao majirani wa nyumba mbili zinazopakana na mgahawa. Hao hawahitaji kula ndipo wawe na haki ya kusema. Bomba la moshi la jiko limeelekezwa kwenye dirisha la chumba chao cha kulala, na viti vinaburutwa sakafuni kabla jua halijachomoza. Nimesimama kwenye dirisha hilo asubuhi moja. Harufu ya siagi inayoungua ukiipata dakika mbili unasikia njaa, ukiipata kila siku kuanzia alfajiri unasikia kichefuchefu, na pazia lao lilikuwa linanata mkononi. Kuna walioandika kwamba majirani hao wana wivu na maendeleo ya mwenzao. Hilo lilinisikitisha kuliko lolote nililosoma. Bomba linaweza kupandishwa juu ya paa, miguu ya viti inaweza kuvishwa mpira. Ni kazi ya siku moja au mbili, na wanaoifanya watalala wakisalimiana na jirani zao.

Wapo pia waliosifu tu. Naelewa, nami nataka mgahawa ule usimame. Kabla haujafunguliwa, hapakuwa na mahali hapa mtaani ambapo mwanamke wa umri wangu angekaa peke yake asubuhi bila kuulizwa anamsubiri nani. Sasa pako. Nimewaona wazee wawili ambao hawakuwa wakisemeshana wakiketi meza moja kwa sababu nyingine zilikuwa zimejaa. Nimemwona yule binti wa kwanza, aliyebadilika uso Jumamosi ile, akimwelekeza mwenzake jinsi ya kutambua wakati wa kugeuza: subiri viputo vipasuke juu na vitundu vibaki wazi, usikimbilie. Lakini sifa zisizo na maelezo zinamlevya mwenye kazi, na kijana yule ana akili ya kusikia, nimeiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukichapisha maoni yetu tena, muulize kila mwandishi mambo matatu: alikwenda siku gani na saa ngapi, aliagiza nini, na alimwambia nani pale pale. Asiyejibu, barua yake isubiri.

Nilipita pale jana, sikula. Karibu na mahali pa kulipia wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa: NGANO, MAZIWA, MAYAI. Kijana aliniambia anajaribu rojo la ndizi mbivu iliyopondwa badala ya yai, na ametafuta kikaango kidogo cha peke yake, chenye mwiko wake, kisichoguswa na rojo lingine. Hajaridhika nalo bado, linashika chini. Nimemwambia apunguze ndizi na apunguze moto, na asimpe mtoto yeyote mpaka awe na hakika.

Neno “mepo” bado liko kwenye menyu. Nitarudi Jumanne saa mbili, na nitamuuliza.

Wako,
Mkazi wa mtaa