Risala ya Kikundi cha Wazazi wa Watoto Wenye Usonji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usonji Duniani, 2 Aprili

Mheshimiwa Hakimu, Mgeni Rasmi, Bwana Chifu, walimu wetu, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli za mahakama ukaja kuketi nasi. Risala zetu za miaka iliyopita zilihusu karo na uhaba wa walimu. Mwaka huu, kwa idhini yako, tunazungumzia kituo cha polisi tu, kwa kuwa watoto tulioanza nao kikundi hiki sasa wameota ndevu, na mtu mzima anayejipigia makofi peke yake stejini hahurumiwi tena, bali hushukiwa.

Mwaka jana kijana wa mwenzetu, mwenye umri wa miaka 19, alisikia king'ora cha gari la doria, akaziba masikio, akatimua mbio, akakamatwa. Kituoni aliulizwa, "Umeiba simu?" Naye, ambaye tangu utotoni hujibu swali kwa kulirudia, akasema, "Umeiba simu." Aliulizwa mara ya pili akasema vivyo hivyo, macho yakiwa sakafuni, na afisa akaona hiyo ni dalili ya hatia. Mamake, ambaye ndiye aliyetupikia pilau ya leo, alifika na barua ya hospitali mkononi akaambiwa angoje nje. Alingoja hadi saa nne usiku. Simu ilipatikana kesho yake, chini ya kiti cha matatu.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 50(7) cha Katiba ya 2010 kinaipa mahakama uwezo wa kumruhusu mlalamikaji au mshtakiwa awasiliane nayo kupitia msaidizi. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka anayeungama mbele ya polisi awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unahimiza polisi na askari wa magereza wapewe mafunzo. Lakini msaidizi huyo wa Katiba humkuta mtu mahakamani, ilhali mambo huharibika kituoni, saa ya kwanza, kabla hakimu hajaliona faili.

Kwa hivyo tunaomba, Mheshimiwa, uifikishe hoja moja katika Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo polisi nao huketi: mzazi au mlezi aruhusiwe kuingia kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Tumechapisha kadi za kuvaliwa shingoni zenye nambari ya simu ya mlezi na maneno "Hurudia anachoulizwa." Tunakukabidhi moja, uwaonyeshe.