Usiliguse kwanza hilo gari

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba,

Picha zimefika. Ile ya boneti chini ya taa za kituo cha mafuta nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Hongera kwa gari, na pole kwa huo utando wa buibui wa mikwaruzo juu ya rangi. Ulinunua jeusi mwenyewe, na nilikuambia. Sasa fungua boneti, uangalie kile kibati cha maelezo: ukikuta rangi imeandikwa 202, basi ndiyo weusi ule wa Toyota ambao ni laini kama siagi. Unakwaruzika ukiutazama tu.

Unaniuliza kwa nini mikwaruzo imejizungusha. Haikuzunguka. Washa tochi ya simu usiku, isogeze juu ya mlango taratibu, utaona duara linaifuata tochi. Imelala kila upande, mingi imenyooka tu, ila inayong'aa ni ile inayoukinga mwanga kwa ubavu, ndiyo maana jicho linaona mviringo. Na aliyeichora unamfahamu. Ni yule kijana anayeliosha: kitambaa kinaanguka chini, anakikung'uta pajani mara mbili, anaendelea na kazi. Nawe asubuhi kabla ya kwenda kazini unapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi la Tanga ni mchanga, ndugu yangu. Unapiga msasa kila siku, halafu unashangaa.

Kuhusu yule fundi aliyekuahidi "kulirudisha jipya kwa nusu saa", ngoja nikusimulie yaliyonikuta, maana sikuwahi kukuambia, niliona aibu. Mwaka juzi nililipeleka langu kwa fundi mmoja huku. Akatoa grinda ya kukatia vyuma, akaifunga pedi ya sufu, akamwaga kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, akaanza. Grinda ndogo kama ile huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, wakati kazi ya polishi haihitaji hata 3,000. Mimi nimekaa kwenye benchi nakunywa soda. Alipomaliza gari lilikuwa kioo, nikalipa na ya chai nikaongeza. Baada ya kuliosha mara nne tano, utando ukarudi wote, na juu yake mawimbi marefu yanayocheza juani kama mafuta kwenye dimbwi. Kumbe hakuondoa kitu, mafuta ya polishi yalikuwa yameziba mikwaruzo, maji yakayatoa. Na kwenye ukingo wa boneti pakabaki ufito wa kijivu, mrefu kama kidole. Hapo alifika kwenye rangi ya msingi. Mpaka leo nikipita upande ule nageuza uso.

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia ya msingi mpaka kliya ya juu, ile rangi angavu inayong'arisha na kukinga, unene wake ni kama karatasi moja ya daftari, au inazidi kidogo. Kliya peke yake haifiki hata nusu yake. Kuondoa mkwaruzo maana yake ni kuiparua kliya mpaka usawa wake ushuke chini ya mkwaruzo, basi. Hakuna kinachojazwa. Kila ukipiga mashine umetumia akiba, na kingoni akiba ni ndogo zaidi, ndiyo maana kingo zote nazifunika kwa tepu ya karatasi kabla sijawasha kitu.

Mashine ya polishi niliyonayo sasa, nitakayokuja nayo tulifanye gari lako, inazunguka huku inatikisika, kwa hiyo haisimami pale pale ikaunguza rangi. Ni ya polepole, mgongo utauma. Kwanza tutaliosha, halafu vaa mkononi mfuko laini wa mkate (ile ya kubebea si walishaipiga marufuku 2019) upitishe vidole juu ya rangi. Utasikia chengachenga kama za sukari. Hizo zinatolewa kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, na maji ya sabuni mengi. Ukiziacha, pedi itazikokota gari zima.

Kisha tunajaribu sehemu moja tu. Naweka tepu katikati ya kipande cha boneti cha sentimita 40 kwa 40, natia matone manne ya polishi nyepesi, kila moja kama punje ya haragwe, nasambaza kwa mwendo mdogo kisha naupandisha. Mstari juu ya mstari, halafu kukatisha. Mkono hausukumi, uzito wa mashine karibu unatosha. Nikimaliza nafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta yasinidanganye kama siku ile, natoa tepu, namulika. Ukiona upande mmoja giza tupu na wa pili buibui, utanielewa kwa nini nilirudia hii kazi mwenyewe. Polishi nyepesi ikishindwa ndipo tunapanda kwenye kali, si kinyume chake. Na ukiona pedi imegeuka nyeusi usipige kelele, ni kwamba gari halina kliya, tunakula rangi yenyewe. Hapo tutapunguza tamaa.

Mikwaruzo ambayo ukucha unakwama ndani yake tutaiacha. Najua utabisha, hasa ule wa mlango wa nyuma. Tutauacha.

Natoka na basi la Ijumaa asubuhi. Wewe tafuta kivuli chenye umeme, maana kwenye jua polishi inakauka kabla haijafanya kazi. Nunua ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na vitambaa vipya vya nyuzi laini visivyopungua kumi, uvikate lebo zote. Mama msalimie sana, mwambie nataka samaki wa kupaka. Na yule kijana wako mwambie asiliguse gari mpaka nifike. Vumbi na likae.

Ni mimi,
swahiba wako wa Tabata