Viwango vya mishahara vibandikwe ubaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi tulioajiriwa viwandani hapa Mwanza tunalizungumza kwenye daladala na kwa mama lishe, lakini tukifika mlangoni mwa ofisi tunalimeza. Ni mishahara kupishana kwa watu wanaofanya kazi moja.

Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha kuchakata samaki. Kiwanda sitakitaja, kwa sababu ninayoyaeleza yako sehemu nyingi. Nina miaka kumi na moja pale. Napima minofu ya sangara inapotoka kwenye meza za wakataji, naandika uzito na namba ya mzigo, ndipo boksi linaingia chumba cha baridi. Miaka miwili iliyopita tuliletewa kijana tusaidiane naye. Nilimfundisha kila kitu: kusawazisha mizani asubuhi, kutoa uzito wa trei na barafu, hata kuvaa soksi mbili ndani ya gambuti ili miguu isife ganzi. Mchana tulikuwa tunakula sahani moja.

Jumamosi moja nilikuwa nakusanya makoti meupe yapelekwe kufuliwa. Utaratibu wetu ni kukagua mifuko kwanza, maana kalamu moja ikisahaulika inachafua makoti yote. Katika koti lake nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa, wino umeanza kusambaa pembeni. Nikaikunjua nione kama ni ya kutupa. Ilikuwa slipu ya mshahara. Mshahara wa msingi, shilingi 560,000. Wangu ulikuwa 412,000.

Niliirudisha mfukoni nikaliweka koti pembeni kama vile sikuona kitu. Lakini tangu siku ile nilimchukia yule kijana, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Niliacha kula naye. Akiniuliza jambo nilimjibu kwa neno moja. Usiku mmoja nilimwona akiandika namba ya mzigo wa jana kwenye maboksi ya leo, nami nikanyamaza. Nilijua kabisa anakosea. Kosa lilikuja kugundulika gari likiwa limeshaanza kupakia. Maboksi yakashushwa, yakafunguliwa na kupimwa upya. Walioshika kazi ile hawakuwa wakubwa wa kiwanda wala yule kijana peke yake. Walikuwa akina mama wa meza ya kufungasha, wenye watoto nyumbani, na wakati wanatoka daladala za Buhongwa zilikuwa zimekwisha. Wengine walilala kwenye benchi la walinzi, wamejifunika khanga. Mpaka leo nikimwona mmoja wao naona aibu.

Zilipita kama wiki mbili. Siku moja jioni yule kijana alinisubiri getini akaniuliza, "Dada, nimekukosea nini?" Nikamwambia ukweli, slipu na yote. Hakukasirika. Aliniambia kwamba siku ya usaili aliulizwa anataka shilingi ngapi, akataja, wakapunguza kidogo, wakakubaliana. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe hawakukuuliza?"

Hawakuniuliza. Mwaka nilioingia mimi niliwekewa karatasi yenye kiasi kimeshaandikwa, nikaambiwa tia sahihi hapa. Nilikuwa na shida, nikatia. Kumbe pengo letu lilianzia hapo, na yule kijana hakuninyang'anya chochote. Anayeajiriwa leo analipwa bei ya leo. Aliyeajiriwa zamani anabaki na bei ya zamani, na kila mwaka anaongezewa asilimia ileile anayoongezewa mwenzake. Wengi wetu hatujakaa chini tukaipiga hesabu hiyo. Asilimia 5 ya 412,000 ni 20,600. Asilimia 5 ya 560,000 ni 28,000. Tumeongezwa "sawa", lakini tofauti yetu imetoka 148,000 imekuwa 155,400. Ikienda hivyo miaka mitano inakaribia 189,000, bila mtu yeyote kuwa amekusudia ubaya.

Mimi sipingi watu kulipwa tofauti. Mwenye stashahada ya usindikaji wa chakula anastahili kitu kwa elimu yake. Anayekesha chumba cha baridi anastahili zaidi ya anayekaa kwenye kiti, na anayebeba dhamana ya mzigo mzima vilevile. Ninachokipinga ni kulipwa tofauti kwa siri. Pale kazini tuliambiwa kwamba mshahara wa mtu ni siri yake na kuuzungumza ni utovu wa nidhamu. Matokeo yake kila mtu akawa anakisia. Kantini walikuwa wanasema kijana yule anapata laki tisa! Hicho nacho nilikiamini kwa muda, kabla ya kuiona slipu kwa macho yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tumeuficha mshahara mpaka tumezaa chuki tu.

Wakubwa watasema mishahara ikijulikana watu watagombana. Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya serikali huko Sengerema. Anajua daraja lake, anajua daraja la mkuu wa shule, na kila mwalimu ofisini pale anajua daraja fulani linalipwa kiasi gani. Rais alipotangaza Singida, Mei Mosi ya 2025, kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000, nchi nzima ilisikia. Shemeji analalamika, tena sana, kwamba kupandishwa kwake daraja kumechelewa. Lakini analalamika kwa mwajiri. Hamnunii mwalimu wa darasa la pili.

Na kabla ya serikali na viwanda, sisi watu wa ziwani tulikuwa na utaratibu wetu. Marehemu baba alivua dagaa Ukerewe enzi za karabai. Siku za giza zikiisha, mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikipumzika, tajiri mwenye mitumbwi na wavuvi walikaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kufanya mgao. Kwanza yanatolewa mafuta, chakula na matengenezo ya nyavu. Kisha fungu la tajiri. Kinachobaki kinagawanywa kwa wavuvi, na nahodha anaongezewa. Baba hakujua kusoma. Alikuwa anachora mistari mchangani kwa kijiti, mstari mmoja kwa kila gharama, na nilikuwa nasimama nyuma yake naangalia. Nahodha alipata zaidi ya baba miaka yote ile na sikuwahi kumsikia akinung'unika, kwa sababu alijua kwa nini: nyavu zikipotea usiku, anayeulizwa ni nahodha. Kuna waliodhulumiwa mwaloni, hilo nalijua, na baba naye aliwahi kudhulumiwa. Lakini aliyedhulumiwa alijua amedhulumiwa kiasi gani na nani.

Baada ya mazungumzo yale ya getini nilikwenda kwa katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Nilitaka kuandika kwamba nilipwe kama fulani. Akanikataza. Alisema nikimtaja mwenzangu nitakuwa nimemfanya yeye kesi, na ofisi itaanza kuuliza slipu yake imenifikiaje. Tukaandika barua ya maswali mawili tu: kazi ya karani wa mizani iko daraja gani, na daraja hilo linalipwa kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani. Namshukuru mno mama yule kwa ushauri huo.

Jibu lilichukua wiki tatu. Afisa utumishi aliniita, akafungua faili langu, akalifunga, akaniambia kwa upole kwamba daraja halipo. Kila mtu alilipwa alivyokubaliana siku alipoingia. Nilishtuka kuliko siku ya slipu. Nilidhani kuna mpango nimefichwa, kumbe hakukuwa na mpango. Januari nikaongezwa 70,000. Tofauti iliyobaki nimeelezwa ni ya stashahada aliyonayo yule kijana, na nimeikubali kwa sababu nimeelezwa. Lakini waliobaki kwenye meza za kukata na kufungasha, wa kudumu na vibarua, bado hawajui wanalipwa vile kwa nini.

Sheria haiko kimya katika hili. Ibara ya 23 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Nchi yetu iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema hivyohivyo, mwaka 2002. Sikusema kwamba nililipwa kidogo kwa sababu mimi ni mwanamke, na sina ushahidi huo. Lakini bila madaraja, mwanamke atajuaje? Na mwajiri mwenye nia njema atajuaje kwamba hajabagua? Kifungu hichohicho kinamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Katika miaka yangu kumi na moja sijawahi kuonyeshwa mpango huo. Namwomba kila msomaji aliyeajiriwa aulizie wa kwake.

Kwa wafanyakazi wenzangu nina ombi moja. Ukigundua mwenzako anakuzidi, usimfanyie nilivyomfanyia yule kijana. Tafuta kwanza mkataba wako. Sheria inataka uwe umepewa kwa maandishi ujira wako na namna unavyokokotolewa, na kila malipo yaambatane na maelezo yake kwenye karatasi. Andika ulichofanya, tangu lini, nani uliowafundisha. Kisha uliza kuhusu kazi yako, usiulize kuhusu mtu. Ukijibiwa kwa vitisho kuna chama, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila usikae na kinyongo miezi mingi, maana huko mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60.

Kwa wenye viwanda wa Ilemela na Nyamagana: hatuombi majina ya watu wala slipu zao. Tunaomba orodha ya kazi, daraja la kila kazi, kiwango cha chini na cha juu cha kila daraja, na kinachomtoa mtu hapa kumpeleka pale. Inatosha karatasi moja. Tawi letu limeshapeleka barua ya kuomba hivyo na tunasubiri. Ubao uko pale mlangoni, jirani na mashine ya kusaini. Wiki hii una tangazo la kupulizia dawa, ratiba ya zamu, na mechi ya Jumapili dhidi ya kiwanda jirani. Upande wa kulia, chini ya ratiba, ni mtupu.

Karani wa Mizani,
Igoma, Mwanza.