Kabla ya kumwita fundi wa paa, tazameni matundu ya hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu mafundi wanaopita nyumba kwa nyumba huku California wakiuza kinga dhidi ya moto wa nyika. Tangu mioto ya Januari 2025, iliyoangamiza majengo zaidi ya 16,000 huko Palisades na Altadena, biashara hii imeshamiri hadi huku kwetu kwenye vilima vya Sierra Nevada. Baadhi yetu tunaozungumza Kiswahili tulikuja kununua nyumba huku kwa sababu bei za Oakland na San Francisco hazishikiki. Tukapata nyumba, tukapata na miti ya misonobari mpaka dirishani.

Sina ugomvi na kazi yenyewe. Nyumba inaweza kuimarishwa isishike moto kirahisi, na pesa inayotumika vizuri hapo haijapotea. Ninacholalamikia ni kwamba tumemwachia fundi aamue nyumba inaugua nini, na kila mara ugonjwa huwa ule ambao dawa yake anayo kwenye gari. Fundi wa paa huona paa bovu. Fundi wa madirisha huona madirisha.

Mzee mmoja wa jamii yetu, mtu wa Bukavu, aligongewa mlango na kijana mchangamfu mwenye tableti iliyojaa picha za majivu. Akaambiwa paa lake litamuua. Akatoa nusu ya bei hapo hapo, akasubiri miezi, mwishowe paa likaezekwa upya. Ni paa zuri, halina kasoro. Lakini lile la zamani lilikuwa la vigae vya lami, na vigae vya lami vya kawaida vinavyouzwa Marekani vingi tayari ni vya daraja A, daraja la juu kabisa la kuhimili moto. Angekuwa na paa la vibao vya mbao ningenyamaza, maana hilo ni la kung'oa bila mjadala. Huyu mzee amebadilisha daraja A kwa daraja A. Matundu ya hewa ya darini kwake bado ni yale yale ya miaka ya sabini.

Na hapo kwenye matundu ndipo penye kazi. Watu hudhani nyumba huungua kwa sababu ukuta wa moto umetoka msituni ukaifuata. Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba sivyo inavyokuwa mara nyingi. Katika majaribio yaliyofanyika Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa karibu na msitu uliokuwa ukiwaka kwa nguvu zote; zilizokuwa umbali wa mita 30 hazikushika moto. Kinachochoma nyumba nyingi ni cheche: vipande vya magome na matawi yanayowaka, vinavyobebwa na upepo mbele ya moto wenyewe, wakati mwingine kwa kilomita nzima na zaidi. Vikitua kwenye gata, ule mfereji wa maji ya paa, iliyojaa majani makavu, au vikipenya darini, nyumba huanza kuungua kwa ndani huku miti ya uani bado ni ya kijani. Baada ya moto wa mji wa Paradise, huku huku California, wa tarehe 8 Novemba 2018, uliochukua roho 85 na majengo zaidi ya 18,000, picha zilionyesha hivyo hivyo: nyumba imebaki msingi, mti wa jirani umesimama na majani yake.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wafanye jaribio moja kabla ya kumpigia simu fundi yeyote. Chukua ngazi, panda mpaka kwenye tundu la hewa chini ya ukingo wa paa, na utie punje ya choroko kwenye wavu wake. Ikipita, wavu huo ni wa zamani, wa matundu ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, na cheche itapita kama ilivyopita choroko. Kanuni za ujenzi za California kwa maeneo ya hatari, zilizoanza kutumika mwaka 2008 na kukazwa baadaye, siku hizi zinataka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3, au matundu maalumu ya hewa yaliyopimwa kuzuia cheche na ndimi za moto. Usizibe tundu kabisa, maana dari isiyopumua huoza. Nyumba iliyojengwa kabla ya 2008 halazimishwi mtu kuibadilisha, ndiyo sababu ziko nyingi namna hii. Angalia na chini ya sakafu, kwenye yale matundu ya usawa wa udongo ambayo watu huyafunika kwa maua.

Nikishataja maua, niseme na ule ukanda wa mita moja na nusu kuzunguka nyumba. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 2020 kwamba ukanda huo uwe hauna kitu cha kuungua, kisha kanuni zake zikacheleweshwa mwaka baada ya mwaka, watu wakivutana kuhusu waridi zao. Sisi tuliokulia vijijini hatukuhitaji bunge lituambie. Uwanja ulifagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa, kwa ajili ya nyoka na kwa ajili ya moto. Tumefika Marekani tukaanza kumwaga vipande vya magome ya miti hadi kwenye ukuta kwa sababu ndivyo jirani alivyofanya. Kuyaondoa na kuweka kokoto hakuhitaji mkandarasi. Kunahitaji toroli na Jumamosi. Ule uzio wa mbao unaogusa nyumba nao, kipande cha mwisho kibadilishwe kiwe cha chuma.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu ya bei. Taasisi ya Headwaters Economics ilikokotoa mwaka 2024 kwamba kazi zenye manufaa makubwa kwa nyumba iliyopo zinaweza kufanyika kwa dola 2,000 hadi 15,000, ilhali kubadilisha kila kitu kwa vifaa bora kabisa kunaweza kupita dola 100,000. Fundi anayegonga mlango hakuji kuuza nyavu za dola mia chache.

Kazi za kupanda juu ya paa, kukata ukuta au kufungua dari zinahitaji fundi wa kweli, na hapo sheria ya California imetupa silaha ambazo hatuzitumii. Kazi inayofika dola 1,000, vifaa na ufundi vikijumlishwa, lazima ifanywe na mwenye leseni. Malipo ya awali hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kwa kutazama kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Maana yake, hata paa la dola 30,000, kishika uchumba chake ni dola 1,000 tu, kisha unalipa kadiri kazi inavyokwenda. Yule kijana aliyechukua nusu alivunja sheria kabla hajapandisha ngazi. Na kila mwenye nyumba aliyesaini mkataba wa aina hii ana siku tatu za kazi za kuuvunja bila kutoa sababu. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi ana siku tano. Mzee wetu angeweza kulala, akaota, akaamka, akaghairi.

Namba ya leseni itafutwe kwenye tovuti ya bodi ya leseni za makandarasi ya jimbo, CSLB. Hapo utaona kama leseni ni hai, kama dhamana ipo, na kama ana bima ya fidia kwa wafanyakazi. Hii ya mwisho wengi huipuuza mpaka kijana wa watu ateleze kutoka juu ya paa lako. Kisha mwombe kadi ya leseni pamoja na kitambulisho chenye picha, ulinganishe majina, kwa kuwa wapo wanaotembea na namba za wenzao. Akikuambia hulipi kitu leo, itaingia kwenye kodi ya jengo unayolipa serikalini, simama hapo hapo. Mikopo ya namna hiyo, inayoitwa PACE, hushikilia nyumba yenyewe, na asiyelipa anaweza kuipoteza.

Zima moto wa eneo lako wengi hukubali kuja kukagua bila malipo, nao hawauzi paa. Waanze wao, waache karatasi ya mapungufu, kisha mafundi watatu wapewe karatasi hiyo hiyo wataje bei. Kazi ikiisha, tunza picha na risiti: tangu 2022 kanuni za jimbo zinazitaka kampuni za bima zitoe punguzo kwa nyumba zilizoimarishwa, lakini hakuna kampuni itakayokupigia simu kukukumbusha.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Ukurasa wa mwisho wa gazeti lako una matangazo ya mafundi wa kwetu: paa, rangi, bustani, "kazi zote". Mengi hayana namba ya leseni. Sheria inataka mkandarasi aiweke kwenye tangazo, na asiye na leseni anaweza kutangaza kazi ndogo tu, tena akisema wazi kwamba hana. Naomba kuanzia toleo lijalo, tangazo lisilo na moja kati ya hayo mawili lirudishwe kwa mwenyewe pamoja na pesa yake. Wasomaji wako huwaamini mafundi hao kwa sababu wamewaona kwenu.

Wako,
Msomaji, Auburn, California