Swali la Kimondo

Uyole, Mbeya

Ambokile ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu. Huku baridi inatukaba, viazi vimejaa hadi vinatukera, na Tumaini bado anajenga ile nyumba yake, usiulize. Ndaga fijo kwa kitabu, kimefika na basi salama.

Sasa nisaidie. Tuliwapeleka vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) Mbozi kukiona Kimondo. Binti mmoja, mpole utadhani hayupo darasani, akaweka kiganja kwenye lile chuma la tani 16, akauliza kuhusu maada giza, ule uzito usioonekana unaovuta nyota galaksini: “Mwalimu, hiyo maada giza si ndiyo mavitu kama haya, yametapakaa angani ila hayawaki?” Wenzake wakacheka. Mimi nililipenda. Wanaastronomia Rubin na Ford walipoonyesha mwaka 1970 kwamba pembezoni mwa galaksi ya Andromeda mwendo wa nyota na gesi haupungui, kana kwamba kuna uzito wa ziada unaozivuta, mtu angewaza nini kingine kwanza?

Nikamjibu kwa deuteri, ile hidrojeni nzito. Dakika zile za mwanzo wa ulimwengu protoni na nyutroni ziliungana kuwa deuteri, nayo ikageuka heliamu. Maada ya kawaida, hii ya protoni na nyutroni, ingekuwa nyingi zaidi, deuteri ingeteketea karibu yote. Lakini ipo, kama atomi 25 kwa kila milioni za hidrojeni, na kiasi hicho kinaibana maada ya kawaida kwenye asilimia 5 hivi ya ulimwengu. Maada giza inadai kama 27. Chuma cha Mbozi kilipikwa nyotani kwa protoni na nyutroni zilezile, kwa hiyo kimo ndani ya hiyo 5 tayari.

Nikadhani yameisha. “Basi kitu ambacho hakikuwemo kwenye huo mpiko wa mwanzo?” Huyu mtoto! Nyutrino, zile chembe zisizo na chaji, nikazitoa upesi: nyepesi mno, mbio mno, galaksi zisingejikusanya mapema. Yakabaki mashimo meusi ya awali, yanayodhaniwa kuzaliwa mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, yale aliyoyapendekeza mwanafizikia Hawking mwaka 1971. Kama yalijifunga ndani ya sekunde ya kwanza, kabla ya mpiko huo, deuteri haiyahesabu, wala huhitaji kubuni chembe mpya. Wazo tamu, labda ndiyo maana silitumaini sana. Vipimo vimeshayabana kwenye viwango vingi vya uzito, ila dirisha la uzito kama wa asteroidi, yale mawe ya angani, bado liko wazi. Nikimwambia asteroidi, si atarudi palepale kwenye Kimondo chake?

Jumatatu ananisubiri. Wewe ungeanzia wapi? Zile noti zako za chuo bado unazo, au panya wa Makambako walishazimaliza? Utapita huku likizo uongee nao? Na Neema, mmeshapatana?

Wako,
Gwakisa