Wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule

Ndugu wazazi na wakazi wenzangu, salamu.

Nawashukuru nyote mlioandika humu majina ya mnaowaunga mkono kuingia katika bodi ya usimamizi ya shule yetu ya kutwa. Naomba, hata hivyo, kila anayempendekeza mtu aeleze sababu, kwa kuwa “ni mtu wetu” haitoshi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inawapa wawakilishi wa wazazi nafasi sita katika bodi hiyo, ambayo ndiyo inayosimamia majengo, vifaa na fedha za serikali, zilizokadiriwa kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka.

Mimi namuunga mkono yule mama fundi cherehani wa karibu na steji ya matatu, aliyesimama katika mkutano uliopita akataka kuonyeshwa risiti za mabati ya maabara, na hakuketi mpaka zilipoletwa. (Baadhi ya waliomcheka siku ile sasa wanampigia debe.)

Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi katika ukumbi wa shule, na hadi wakati huo tafadhali mgombea yeyote asitukanwe humu.